Minyaa ya Mahameni

Taa! Mpaka leo nikifumba macho naisikia kamba ya ndama ikikatika, ng'ambo ya ukuta tu, nasi tumejifungia ndani. Kabla ya hapo alilia mara moja, nikajua ananiita mimi. Mama yake alikufa tulipokuwa tunahamia kijiji cha ujamaa, na mimi ndiye niliyemnywesha maziwa kwa kibuyu.

Visulisuli vya vumbi tulivizoea. Watoto tulivikimbilia tukicheka. Hiki cha siku ile kilikuwa kinene, cheusi, kimeshuka toka mawinguni. Mayu, ndivyo nilivyomwita mama, aliuegemea mlango kwa mgongo. Nikamvuta kanga.

"Mayu, nifungulie! Ndama wangu!"

"Kaa chini, mwanangu."

"Mfungulie tu," bibi akasema toka uvunguni, "kitubebe tukashuke kule mbali Kimali bila nauli."

Sikucheka. Nyumba haikuwa na dirisha, vumbi limetujaa kooni, nyasi za paa zinang'oka fungu kwa fungu. Kwetu kwa zamani tulizungushiwa ua wa minyaa, miti ya utomvu inayoota hata kwa tawi la kuchomeka. Huku nyumba zilipangwa kwa mstari katikati ya mbuga tupu, na kutoka huna ruhusa.

Kilipopita nikachomoka. Mgunga mkubwa ulikuwa umelala, mizizi juu. Pamba imebaki vijiti. Viota vya minana vimetapakaa, makinda yamekufa midomo wazi. Njiani, mbali kabisa na lambo la kunyweshea ng'ombe, kambale alikuwa anapigapiga mkia kwenye tope.

Nyayo za ndama zilielekea mahameni, kule kwetu tulikokatazwa kurudi. Nikazifuata.

Nilimkuta ndani ya ua wetu, amejibanza kwenye kona, kipande cha kamba shingoni. Minyaa ya nje ilikuwa imevunjikavunjika, ya ndani imesimama. Nikamkumbatia nikalia, akanilamba machozi kwa ule ulimi wake wa msasa.

Nyumbani mayu alimpapasa ndama kwanza, kisha akanifokea. "Kule ni mahame. Hatuna kwetu kwingine, ni hapa."

"Basi hapa hana pa kujificha," nikasema.



Kulipopambazuka nilirudi peke yangu. Nikakata matawi ya minyaa, uso nimeugeuza utomvu usinirukie machoni. Nikayabeba hadi nyuma ya nyumba, upande ule kilikotokea kisulisuli, nikayachomeka ardhini moja moja, nikishindilia udongo kwa kisigino.