Historia Iliyoandika Jina la Agar

Kavuo Agar ni jirani yangu, tunaishi ua mmoja hapa Furu, Butembo. Kabla hujasikia ya ofisini kwao, usikie ya kwangu: msichana huyu hakumkosea mtu. Ni mpole, ana aibu, anaosha vyombo vya wenzake bila kuombwa. Kosa lake ni kwamba hajui kukataa, na kwa kosa hilo wamemla mzima mzima.

Alizaliwa Kayna. Wazazi wake walipokufa, mama yake mdogo, Godelive, alimchukua kwake Beni akamlea kwa jembe na kwa kuuza ndizi, mpaka akamaliza masomo ya kompyuta. Baadaye vita vilimtoa Godelive shambani kwake, na sasa anaishi chini ya turubai katika kambi ya waliohama, kule komini ya Ruwenzori, pembeni mwa Beni. Agar akapata kazi hapa Butembo, kwenye shirika linalopeleka maji kambini. Jina la shirika nalimeza. Kwenye foleni ya ndoo Godelive alikuwa akiwaambia wenzake, “Hii maji, ni mutoto wangu njo analeta.” Agar alipoambiwa hivyo alilia kwa furaha, na nadhani tangu siku ile hakutaka kitu kingine duniani.

Maji hayo yaliongozwa na dashibodi, ukurasa wa mtandaoni wenye michoro, kila kambi na rangi yake. Kambi ikiwa nyekundu, maji yamepungua. Lusenge, dereva wa lori kule Beni, aliitazama kwenye simu yake kila asubuhi na kwenda penye nyekundu. Penye kijani hakupita. Shida ni kwamba kila mfanyakazi aliweza kuibadilisha michoro hiyo, na akishahifadhi, sura ya zamani imepotea. Leo kambi ipo, kesho haipo, na ofisi nzima inaapa kwa Mungu haikuigusa.

Agar ndiye aliyesema dashibodi iwekewe historia: kila badiliko lihifadhiwe pamoja na jina la aliyelifanya, sura za zamani zibaki, na mtu akibonyeza tu airudishe ile anayoitaka. Mkurugenzi, Malachie, alimcheka. Kisha wafadhili wakaipenda habari hiyo, naye akaanza kuitangaza kama wazo lake. Agar aliijenga peke yake, akaongeza na ujumbe wa simu, ili kila jina linapoandikwa kwenye Historia mwenye jina apate taarifa. Siku ilipoanza kufanya kazi alirudi nyumbani anaimba, na sauti yake ni mbaya, Mungu amsamehe.

Sasa sikia jinsi watu wetu wanavyofanya kazi. Umeme wa hapa unakuja na kuondoka unavyopenda. Kompyuta ya Agar tu ndiyo iliyokuwa na betri nzima, kwa hiyo umeme ukikatika wote walihamia mezani kwake. “Agar, acha niikale hapa kidogo, ya kwangu imezimika.” Kama kila mmoja angeingia kwa jina lake, angengoja namba ya siri ije kwenye simu, na mtandao wetu unatambaa. Basi walifanya kazi zao ndani ya akaunti ya Agar. Mara moja alijaribu kuwakataza. Mumbere, mhasibu, akamjibu mbele ya watu, “Ah, siku hizi machine inakuwa bwana yako? Choyo gani hii?” Wakacheka, na yeye akaiacha akaunti wazi. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Umejenga kitu kinachoandika majina ya watu, halafu jina lako unawaachia kama kigoda cha barazani!

Ijumaa moja wafadhili walikuwa wanakuja, na umeme umekatika. Malachie akakaa kwenye kompyuta ya Agar, akamtuma mwenyewe akanunue soda za wageni. Kambi ya Ruwenzori ilikuwa nyekundu, na nyekundu inatia aibu mbele ya wageni. Akashusha kipimo cha maji yanayohitajika mpaka kambi ikawa kijani, akahifadhi, akaenda kuwapokea. Muyisa, mlinzi, alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri ufunguo, na aliona yote. Ameniambia mimi, kwingine hathubutu, ana watoto. Agar alipata ujumbe wa simu akiwa dukani, lakini ujumbe kama huo ulimjia kila umeme ukikatika, hakuufungua.

Wageni waliondoka wamefurahi, na Malachie akasahau kuirudisha kambi kwenye rangi yake. Lusenge aliona kijani, hakupita. Wiki nzima hakupita. Watu wakachota mtoni, kipindupindu kikaingia, na kati ya waliozikwa alikuwemo Élysée, mjukuu wa Godelive, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Malachie aliita mkutano. Akaifungua Historia ukutani ili wote waione, akauliza nani aligusa Ruwenzori. Jina lilikuwa pale juu: Kavuo Agar.

“Directeur,” Agar akasema, “ile vendredi ya bageni ni weye ulikaa kwa machine yangu.”

“Miye? Hii Historia, ni nani aliitengeneza?”

“Ni miye.”

“Donc, basi, inadanganyaka?”

Akisema inadanganya, kazi yake yote ni takataka. Akisema haidanganyi, amemwua mtoto wa nyumbani kwao. Akawatazama wenzake, wale wote waliowahi kukikalia kiti chake. Mumbere alikuwa anakwangua kucha. Malachie akabonyeza, Historia ikairudisha kambi nyekundu papo hapo, na jioni ile lori likafika Ruwenzori. Agar akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na kompyuta ikabaki ofisini.

Alipanda gari mpaka Beni kumweleza Godelive. Alimkuta ameketi mbele ya turubai, akampa mkono, mkono haukupokelewa.

“Mama mudogo, si miye. Ni batu balitumikisha jina yangu.”

“Lusenge alituonyesha kwa simu,” Godelive akasema. “Ni jina yako njo iko mule. Nililea jina ile miye mwenyewe.”

Alirudi Furu akawa anachambua maharage kwangu siku nzima. Halafu juzi simu yake ikalia: Kavuo Agar amebadilisha dashibodi. Akaruka juu, maharage yakamwagika ua mzima. Yeye yuko hapa mikononi mwangu, na jina lake linafanya kazi ofisini! Akaunti ilikuwa bado wazi, na hakuna pale aliyejua kuifunga. Nilimkumbatia. Nilidhani tumeshinda, mjinga mimi.

Alikimbia mpaka ofisini, simu mkononi, akamwonyesha Malachie mbele ya wafanyakazi. Malachie aliisoma polepole.

“Donc ungali unaingia kwetu,” akasema. “Hata kisha kukufukuza.”

“Hapana, Directeur! Niko nyumbani, angalia saa, banatumikisha…”

“Muyisa, mutoshe. Nitaita polisi.”

Na Muyisa, aliyeona yote, alimshika mkono akamtoa.

Angeweza kuifunga akaunti hiyo mwenyewe kutoka hapa nyumbani. Lakini ili aifunge lazima aingie, na akiingia Historia itaandika kwamba aliingia. Kwa hiyo hagusi.

Jana Godelive alipiga simu, mara ya kwanza tangu mazishi. Agar alipoliona jina akacheka kama mtoto, akanionyesha, akapokea. Nilisikia kila neno, kwa sababu simu yake ni mbovu na inapiga kelele.

“Agar, bananiambia ungali unagusa maji yetu. Tulikukosea nini, mwanangu?”

Ikakatwa kule Beni. Agar alibaki ameishikilia sikioni, anasema, “Mama mudogo? Mama mudogo?” Kisha ikalia tena mkononi mwake, naye akaitazama haraka akidhani ni Godelive amerudi. Ilikuwa ni Historia inamwambia amebadilisha dashibodi.