Karatasi Iliyokaa na Mbegu

Nyamusi wa Birongo ni fundi wa nguo, na asiyekubali aende akashonewe kwingine. Cherehani yake iko sebuleni, na ukutani, kwenye misumari, zinaning'inia paterni zake, zile karatasi za kukatia nguo. Kila moja ameinakili mwenyewe kwa penseli, juu ya kalenda kuukuu au karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika jina la mteja na mwaka. Sketi za akina mama wa kwaya ya Waadventista ziko hapo tangu 2011. Hajawahi kupoteza hata kola. Ndiyo maana aibu ilipomjia, ilimkuta hana pa kuificha.

Miaka miwili nyuma aliazima paterni kwa Samsam wa Kisii mjini, mama wa Kisomali aliyemfundisha kazi. Ilikuwa ya gauni la harusi, imechorwa na marehemu Istarlin, mamake Samsam, na pembeni kuna maneno ya Kisomali kwa mkono wa marehemu mwenyewe.

"Mama Mokua, nakili, urudishe," Samsam alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sina kitu kingine alichoandika."

Nyamusi akaapa wiki moja. Kukopa harusi, kulipa matanga! Majani chai yakakomaa, sare za shule zikaja, wiki ikazaa miezi.

Msimwonee lakini, hakuitupa. Tatizo ni kwamba aliiheshimu kupita kiasi. Birongo mchwa hula hata Biblia, kwa hiyo akaikunja vizuri, akaiweka kwenye dari ya jikoni, juu ya meko, pamoja na mbegu za mahindi na wimbi. Hapo ndipo mama yake na nyanya yake walipoweka kila kitu wasichotaka kiliwe na wadudu. Moshi hulinda mbegu. Nani angemwambia kwamba karatasi si mbegu?

Jumatatu moja Samsam akapiga simu. Binti yake Ilwad anaolewa, na anataka gauni la nyanya yake. "Niletee Alhamisi, mama."

Nyamusi akapanda ngazi, akaishusha ile karatasi, akaikunjua. Ikavunjika mikononi mwake kama chapati ya juzi.

"Nyasae, Mungu wangu!" alilia. Akakaa chini palepale jikoni, masizi hadi kwenye viwiko. Yeye, mwenye ukuta mzima wa karatasi za watu!

Hata hivyo kuharibu ni ajali. Aibu yenyewe aliishona Jumanne kwa mikono yake. Alipanga vipande mezani, kimoja kimoja, akafuatisha kila mstari kwenye karatasi mpya ya kaki. Kisha akanakili ule mwandiko, herufi kwa herufi, bila kujua unasema nini. Akapaka karatasi chai ya rangi, akaianika juani, akaikunja palepale ilipokunjwa ile ya zamani. Mumewe Masese akapita, akatazama.

"Kumbe ile ya Mama Ilwad bado ni nzima?"

"Ni nzima," akasema, na hakuthubutu kumtazama usoni.

Vile vipande hakuweza kuvichoma. Akavitia kwenye mkebe wa majani chai, na Alhamisi akautia mkebe mkobani, wala hakujua kwa nini.

Samsam aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Hakuangalia mistari hata kidogo. Akaenda moja kwa moja kwenye maandishi, akayagusa kwa kidole, machozi yakamtoka.

"Ilwad! Njoo uone mkono wa nyanya yako!"

Msichana akaja mbio, akainama, akaibusu karatasi. Samsam naye akaibusu. "Mungu akubariki, Mama Mokua. Umenitunzia mama yangu."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ingeweza kwenda hadi kwa wajukuu. Hakuna aliyemshuku. Nyamusi akahisi uso unaungua, masikio yanaungua, akatamani ardhi ya Kisii immeze na viatu vyake. Akafungua mkoba, akaweka mkebe mezani.

"Mama yako yuko humu," akasema. "Nilimweka juu ya moto, akakauka. Hiyo nimeiandika mimi. Nisamehe, mwalimu wangu."

Samsam akafungua mkebe, akavigusa vipande kwa kidole. Ilwad alijipangusa midomo.

"Kwa hiyo nimebusu mwandiko wako."

"Ndiyo."

Samsam hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alitoa penseli kwenye droo ya cherehani, akaiweka mbele ya Nyamusi.

"Mistari iko sawa, gauni litakatwa. Lakini andika jina lako hapo chini. Mtoto wa Ilwad asije akabusu uongo."

Nyamusi akashika penseli. Maneno ya Kisomali alikuwa ameyaandika bila mkono kutetemeka hata mara moja. Jina lake mwenyewe lilimshinda, akalifuta mara mbili.