Darubini Yangu na Ng'ombe wa Mwisho

Hakuna kitu kingeweza kunishangaza mimi. Nilisema hivyo nikiwa kijana sina kitu, nikaendelea kusema nilipopata mali, na watu wa ufuo wa Dunga watakuambia nilikuwa na haki ya kusema. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianzia Nyalenda na taa moja ya karabai inayovuja mafuta, nikaikodisha kwa wavuvi wa omena, na miaka ya themanini haijafika katikati nilikuwa na taa nyingi kuliko mtu yeyote upande ule wa ziwa.

Omena hufuata mwanga. Usiku wa giza wavuvi huweka taa zielee juu ya maji, na samaki wanakuja wenyewe kama wageni walioitwa harusini. Mwezi ukijaa, omena hawaoni sababu ya kufuata taa ya mtu. Mashua zinalala mchangani na mimi sipati kitu. Kwa hiyo mwezi niliujua. Wavuvi waliniuliza mimi, hawakuuliza kalenda.

Tena nilikuwa na darubini. Ya macho mawili, nzito kama tofali. Niliipata Kibuye kwenye mitumba, imeviringishwa ndani ya koti la baridi, na aliyeiuza hakujua anauza nini. Jioni nasimama ufuoni naangalia taa zangu moja moja. Asubuhi mvuvi anakuja kuniambia, "Mzee, jana hatukuwasha, upepo ulikuwa mbaya," namwambia aliwasha wapi na nani alikuwa amekaa mbele. Wakasema mimi mchawi. Sikukataa.

Sasa, mke wangu anatoka Kombewa. Mahari niliitoa vizuri, ng'ombe wa kuonekana, nikabakiza mmoja. Usidhani nilikosa. Kwetu mtu anayemaliza mahari yote kwa mara moja ni kama anafunga mlango wa ukwe. Ng'ombe mmoja akibaki, una sababu ya kurudi, na wakwe wana sababu ya kukuchinjia kuku. Mimi kuku wa Kombewa nilimpenda.

Mke wangu ana ndugu mmoja wa kiume, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mshahara wake wote unaishia kwenye magazeti. Mwaka wa themanini na tisa tulikuwa tumekaa kwa baba yao, akaanza kutusimulia habari ya chombo kisicho na mtu ndani, kilichorushwa miaka mingi nyuma, ambacho kimepita sayari kubwa zote na kupiga picha njiani. Pale Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, kimekuta mwezi unaotema moto. Na huko mwisho kabisa kimekuta mwezi wa barafu unaofuka kama sufuria.

Nikamuuliza ni mwezi upi huo. Akasema Mshtarii ina miezi yake, tena mingi, inayoizunguka kama huu wetu unavyotuzunguka sisi.

Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. "Shemeji," nikamwambia, "mwezi ni mmoja, na mimi ndiye ninayekula kwa ruhusa yake. Siku nitakayouona mwingine kwa macho yangu haya, ng'ombe wenu atafika hapa kesho yake."

Baba mkwe ni mtu wa maneno machache. Aliacha kutafuna, akasema amesikia.

Jibu hilo lilinifaa miaka. Kila walipomtaja ng'ombe, natazama juu na kuuliza kama yule wa pili ameshatoka. Nyumba nzima inacheka, kuku analetwa.

Shemeji naye hakuchoka kunifundisha. Aliniambia kuna darubini kubwa imerushwa inazunguka juu ya dunia, na baada ya kuirusha wakagundua kioo chake kimesuguliwa vibaya, inaona ukungu. Ikabidi mafundi wapande mpaka huko wakaivishe miwani. Hiyo niliipenda. Mtu aliyewahi kuzibua karabai kwa sindano ndani ya mashua inayoyumba anajua kazi ni nini. Nikasema wale mafundi ningewaajiri bila kuwauliza vyeti.

Kisha shemeji akapata mchumba, binti wa upande wa Maseno, na mambo yakabadilika. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Wazee wa binti walikuwa wamehesabu zizi la baba mkwe, wakaona limepungua ng'ombe mmoja, wakasema msichana atakaa kwao mpaka litimie. Mnajua ni ng'ombe yupi. Mke wangu aliniambia wazi, akinipa chai isiyo na sukari, kwamba kaka yake anazeeka kwa ajili ya mzaha wangu. Nikamjibu kwamba mtu hawezi kurudisha neno alilosema mbele ya wazee. Neno ni neno.

Ilikuwa Julai ya tisini na nne. Mwezi ulikuwa umeanza kunenepa, kazi ya taa inapungua, basi tukaenda Kombewa, mimi na darubini yangu shingoni kama kawaida. Jua lilipozama tulitoka uani. Redio ilikuwa imesema nyota yenye mkia imevunjika vipande, na vipande vinaigonga Mshtarii kimoja baada ya kingine, na ile darubini iliyovishwa miwani inatazama yote. Shemeji akanionyesha Mshtarii yenyewe: ile nyota kubwa, karibu na mwezi.

Nilisema nitawathibitishia kwamba hakuna kitu. Nikaegemeza viwiko kwenye mlango wa zizi, mkono usitetemeke, nikatazama.

Nyota ilikuwa duara. Hilo la kwanza. Na kando yake kulikuwa na vitone vya mwanga vimejipanga mstari mmoja, sawasawa kama taa zangu zinavyojipanga majini. Nikadhani ni uchafu. Nikapangusa kioo kwa shati, nikatazama tena. Vilikuwepo.

Nataka mnielewe hapa. Hakuna aliyekuwa ameona isipokuwa mimi. Shemeji mwenyewe, na magazeti yake yote, alidhani vitu hivyo vinataka mashine za Wazungu. Hakuwahi kufikiri vinaonekana kwa kitu cha Kibuye. Ningerudisha darubini shingoni na kusema hakuna, na mambo yangeishia hapo. Lakini mtu gani anakuwa wa kwanza kuona katika Kombewa nzima halafu ananyamaza? Mimi siwezi.

"Iko mitatu," nikasema.

"Mitatu nini?" baba mkwe akauliza.

"Miezi."

Shemeji alininyang'anya darubini bila adabu yoyote. Alitazama muda mrefu, na aliposhusha mikono macho yake yalikuwa na maji. Akasema kwa kawaida ni minne ile mikubwa, mmoja lazima umejificha nyuma. Mke wangu alikuwa amekaa chini, anacheka hawezi kusimama.

"Mkwe," baba yake akasema taratibu, "tulikubaliana mwezi mmoja, ng'ombe mmoja. Sasa umeona mitatu."

Tulibishana hilo mpaka chakula kikaiva, na nilimshusha hadi mmoja, kwa hiyo hesabu vizuri nani alishinda.

Baadaye shemeji aliniletea picha gazetini: Mshtarii yenye makovu meusi pale ilipogongwa, mengine mapana kuliko dunia yetu. Sikushtuka. Nilimwambia ningeyaona mimi kwanza kama ningekuwa na kioo kikubwa zaidi. Wakati huo bibi harusi alikuwa ameshafika Kombewa, na ndiye aliyenipikia kuku, kwa hiyo kuku sikumkosa.

Na ng'ombe alikuwa amefika kesho yake baada ya usiku ule wa darubini, kama nilivyosema. Sikupeleka ng'ombe mzee wa kukohoa. Nilinunua mtamba mwenye mimba, asije mtu akasema niliona miezi ya mbali nikatoa ng'ombe wa karibu. Jumla, pamoja na lori na kamba mpya, ilikuwa shilingi elfu nane, mia tatu na arobaini.