Gari la Anania na Macho ya Mama Mkwe

Anania Simbeye alikuwa na gari, na ndani ya gari alikuwa na nyumba. Watu wa Tunduma wa miaka ile, vita vimekwisha na Mwingereza bado anatawala, walikwisha kuona malori, walikwisha kuona hata Mzungu akilala kwenye hema pembeni mwa barabara. Lakini mtu mweusi kulala ndani ya gari lake mwenyewe, na mkewe humo humo, na sufuria humo humo, hilo walikuwa hawajaliona. Wakamwita Konokono. Yeye hakukasirika. Alisema konokono ana raha yake, kila anakofika yuko kwake, hapigi hodi kwa mtu.

Lilikuwa gari dogo la boksi, kuukuu, alilolipata kwa mlowezi mmoja wa mashamba ya kahawa kule Mbozi aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Anania alijua magari. Alikuwa dereva wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita, akaendesha malori kule Bama, Burma, kwenye matope ambayo yeye mwenyewe akiyasimulia huonekana kama anatia chumvi. Aliliwekea kitanda cha mbao kwa nyuma, chini yake vitambaa, juu yake rafu ya vyombo. Kati ya kitanda na kiti cha dereva mkewe Nesta alitundika pazia la maua. Nesta alikuwa fundi cherehani. Walizunguka magulio, leo Mlowo, kesho kutwa Tunduma, kiangazi kikikausha njia wanapanda Ileje, yeye anashona magauni na kaptura, Anania anakata vitambaa na kutia vifungo. Usiku wanavuta mlango, wanalala. Maisha hayo waliyapenda wote wawili, tena sana.

Kuhusu kuendesha, Anania hakuwa na majivuno. Majivuno yake yote aliyaweka kwenye kulaza gari.

"Barabara ikiwa mbele yako kila mtu ni dereva," alikuwa akisema. "Dereva anajulikana pale anapotaka kusimama."

Hakuingia mahali kabla ya kushuka na kupapima kwa miguu yake. Alinyoosha mikono yote miwili baina ya kuta, akatazama chini kama kuna shimo, akatazama juu kama kuna makuti au bati la mtu. Hakutanguliza pua hata siku moja. Aliingia kinyumenyume, ili asubuhi atoke bila kusumbua mtu. Pale Mlowo, siku za kununua mazao, alilipenyeza gari katikati ya marundo ya magunia na hakuna gunia lililotikisika. Kule kwenye milima ya Ileje aliliegesha ubavuni mwa mlima, jiwe nyuma ya kila gurudumu, na chai ya Nesta haikumwagika. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba kilichompata Tunduma kilimpata kwa kutojua.

Ilianza na mimba. Nesta alipokuwa na mimba yake ya kwanza, habari zilifika kwao Chitete, na haukupita muda akaja kaka yake Kefa na maneno kutoka kwa mama yao. Mama huyo, mjane aliyeitwa Mama Aida kwa jina la binti yake mkubwa, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Shemeji, mama anasema anakuja siku ya soko," Kefa alisema, akitazama pembeni. "Anataka kuona mwanawe analala wapi. Akikuta analala barabarani kama mzigo, anaondoka naye, na hatamrudisha mpaka ujenge nyumba isiyotembea."

Anania alicheka mbele ya Kefa. Kefa alipoondoka, hakucheka tena. Alimpenda Nesta. Alipenda hata namna alivyoimba nyimbo za kanisani akizungusha cherehani, akikosea maneno yale yale kila siku. Nesta akiondoka, kitakachobaki ni bati lenye magurudumu.

Na hakuweza hata kwenda kujitetea. Ukwe ni ukwe. Tangu harusi, Anania hakuwahi kuuona uso wa mama mkwe wake wala kumsemesha. Wakikutana njiani, mkwe mwanaume anaingia porini, mama anajifunika nguo kichwani na kuchutama mpaka apite. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na heshima si utumwa. Mama mwenyewe ndiye atakayeiondoa miiko hiyo siku atakayopenda.

Basi Anania akatafuta mahali ambapo hata mama mkwe hatapakatalia. Akapapata nyuma ya mashine ya kusaga ya rafiki yake Enoka. Palikuwa na ua safi, wenye kivuli, umezungushiwa fito. Njia ya kuingilia ilikuwa kichochoro kimoja tu, ukuta wa mashine huku, ukuta wa duka kule, na upana wake ni gari na kiganja. Anania alipima, akapima tena. Ukilirudisha gari mpaka mwisho wa kichochoro, milango ya mbele haifunguki kwa kuta, lakini mlango wa nyuma unafungukia uani kama mlango wa nyumba ya mtu mwenye heshima zake. Enoka alikubali bila kinyongo.

Siku ya soko Nesta alitangulia uani ili amwongoze kwa mikono. Mashine ilikuwa inanguruma, sauti haisikiki, kwa hiyo walikubaliana kwamba Anania atamtazama kwenye kioo. Akatia gia ya nyuma. Gari likaingia polepole, ukuta huku, ukuta kule, vizuri kabisa. Alipofika katikati akainua macho kwenye kioo, akamwona Nesta na tumbo lake, mkono juu. Kando ya Nesta, kwenye kioo hicho hicho, amesimama mwanamke wa makamo, mikono kiunoni, anamtazama yeye usoni.

Mama Aida alikuwa amewahi. Alitoka kwao jogoo hawajawika.

Dereva wa Kiingereza angekanyaga breki. Anania alifanya kile alichofundishwa tangu utotoni: alivua kofia yake akakifunika kioo, akainamisha uso. Mikono na macho vilishika adabu. Mguu haukuwa na habari, ukaendelea kukanyaga mafuta. Gari likaenda upande, mkia ukagonga ukuta wa mashine, pua ikabanwa na ukuta wa duka, madigadi ikalia *kwaruu* kiasi cha watu kusikia juu ya ngurumo yote ile.

Enoka akatoka mbio, mweupe kwa unga, akaja mbele ya kioo kikubwa.

"Konokono! Shuka, mukwai, shuka bwana, tukusaidie!"

"Nishukie wapi? Milango imebanwa."

"Shukia nyuma."

"Nyuma kuna mkwe."

Enoka akachungulia juu ya bati la gari, akaona. Akakaa chini palepale akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye unga. Kisha akaenda kuizima mashine, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, kwa sababu wanawake wote waliokuwa wakingojea kusagiwa walikosa kazi, wakaja kutazama.

Nesta alijaribu. "Kulia! Hapana, hiyo kulia yangu! Kata huku!" Akawa anacheka na kulia pamoja. Anania, uso kwenye usukani, alitokwa na jasho. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata jeshini. Mbele ya macho ya yule yule aliyekuja kupima kama mwanawe ana makao, makao yenyewe yamekwama kama mfupa kooni.

Sasa, tangu afiwe na mume, Mama Aida ndiye aliyelima shamba lake kwa plau, akiwaswaga maksai mwenyewe, na Chitete nzima ilijua kwamba maksai wake hawachapwi, husemeshwa. Aliliangalia lile gari. Akajifunika kitambaa kichwani, akachutama, kama inavyompasa mkwe. Na kwa kuchutama hivyo akawa haonekani kutoka dirisha la nyuma, ila yeye anaona magurudumu yote manne.

"We gari," akasema. Watu wakasogea. "Sisemi na mtu hapa. Nasema na wewe. Umenisikia?"

Ndani ya gari Anania aliduwaa. Kisha akabonyeza honi, kidogo tu, kwa adabu.

"Haya. Geuza kichwa upande wa mashine. Songa mbele. Polepole, hukimbizwi. Simama." Gari likasimama. "Sasa nyoosha kichwa, urudi. Rudi. Rudi, usiogope ukuta, ukuta haukuogopi wewe. Umekwenda sana upande wa duka, jirudi kidogo. Ee, hivyo hivyo, dume langu."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akakatazwa na wenzake. Gari likarudi, likanyooka, likatoa mkia uani pale pale Anania alipokuwa amepachagua, likazima.

Mama Aida akainuka, akajipangusa magoti. "Nesta, fungua."

Nesta akafungua mlango wa nyuma, akavuta pazia. Upande mmoja wa pazia Anania ameketi kitini ametazama barabarani. Upande wa pili mama mkwe anakagua. Anania alisikia kila kitu. Alisikia kitanda kikibonyezwa, kifuniko cha sufuria kikiinuliwa na kurudishwa, kidole kikipitishwa kwenye bati kutafuta kutu.

"Mvua?"

"Haivuji, mama."

"Mtoto atalala wapi?"

Nesta akatazama kitanda kikubwa. Anania akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa yametazama mbele: "Gari, hukuwaambia kwamba ubao ulio chini ya dirisha unafunguka?"

Nesta mwenyewe hakujua. Aliuvuta ubao. Ukalala juu ya miguu yake miwili ya kukunja, kitanda kidogo chenye kingo pande zote, kingo zenyewe zimelainishwa kwa kipande cha chupa zisimkwaruze mtoto, na zimeinuliwa ili kwenye kona asibiringike. Mama Aida alipitisha mkono kwenye kingo hizo zote.

"Ngoja nijaribu mgongo wangu," hatimaye akasema, akajilaza kwenye kitanda kikubwa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Haikuchukua muda, akaanza kukoroma.

Basi Anania akanasa upya. Kulia ukuta, kushoto ukuta, nyuma mama mkwe amelala. Mashine ikaanza kunguruma tena, soko likaendelea, Nesta akampitishia hindi la kuchoma chini ya pazia, naye akalila polepole, miguu imekufa ganzi. Mtu angemhurumia. Lakini anayelala fofofo hajachukizwa na kitanda, na Anania alikuwa na furaha hata akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu, watu wakipita barabarani wakimtazama.

Jua lilipoanza kupungua nguvu, kukoroma kulikoma. Kitanda kikalia.

"Gari," akasema Mama Aida.

Anania akaketi wima.

"Huyu atazaa kwangu, ndiyo desturi, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Akipata nguvu uje umchukue, yeye na mwanawe. Na usisimame kule barabarani kama mgeni. Uje mpaka mlangoni. Nitakata ile minyaa ya langoni upate kupita."

Nesta akaanza kulia kwa sauti, kwa maana minyaa ile aliipanda marehemu baba yake kwa mikono yake, na tangu siku aliyozikwa mama hakuwahi kumruhusu mtu kuigusa, hata kwa kisu cha mboga.