Kiwanja Kisichouzwa

Mzee aliyetupatia kiwanja cha Kibenga hakutupatia kwa sababu alikuwa mtu mwema. Alitupatia kwa sababu alikuwa anakufa na anaogopa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu wa Buyenzi, wa familia ya siku nyingi mjini Bujumbura. Alituita chumbani kwake akiwa ameegemea mito miwili, miguu imevimba, nasi tukakaa kwenye mkeka: mimi na mkunga aliyewazalisha wake zake wote wawili.

Miaka ya kwanza ya vita watu walikuwa wanakimbia kartiye zao, mitaa waliyozaliwa, na kuuza kwa yeyote aliyejitokeza. Nyumba ya vyumba vinne iliuzwa kwa bei ya baiskeli. Ulikuwa na asubuhi moja ya kuamua, pengine saa moja tu.

"Na mi nilinunua," mzee alituambia. "Parseli tatu, viwanja na nyumba zake. Mutu anatetemeka mbele yangu, na mi najifanya sioni. Sasa nawatafuta niwarudishie, siwapati. Hata mumoja."

Alikuwa na shamba karibu na ziwa, upande wa Kibenga, alikokuwa akilimisha lengalenga, mboga ya mchicha. Lile hakulinunua kwa mtu mwenye hofu, alilirithi. Alitaka tujenge nyumba pale, za watu waliopoteza zao.

"Lakini munifanyie kitu kimoja," akasema. "Nataka udongo ambao mutu akiogopa hawezi kuuza."

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mwanasheria mmoja kule Rohero, ndiyo maana mkunga alikuja nami. Nyumba yangu mwenyewe iliungua mwaka wa pili wa vita, na wakati ule nilikuwa nalala jikoni kwa dada yangu na wanangu wawili. Wiki iliyofuata, patron wangu, yule mwanasheria, akiwa amekwenda kula, mkunga alisimama nyuma yangu akinitamkia maneno, nami nikayapiga na karatasi mbili za kaboni. Ardhi ni ya ushirika, milele. Nyumba ni ya aliyeijenga, na watoto wake watairithi. Anayeondoka hamuuzii mtu wa nje. Anairudisha kwa ushirika, analipwa mabati yake na jasho lake, si zaidi. Anayeingia baada yake analipa hichohicho. Kwa namna hiyo nyumba haitapanda bei hata mji ukipanda, na mtu maskini ataweza kuingia leo, na mwingine ataweza kuingia watoto wetu wakiwa wazee.

Mzee alitia sahihi. Alizikwa kabla hatujachimba msingi wa kwanza.

Tulijenga nyumba kumi na nne. Tulifyatua rukarakara, yale matofali ya udongo yasiyochomwa, tukayaanika juani na kuyafunika kwa majani ya migomba mvua ilipotisha. Mchanga tuliubeba kichwani kutoka ufukweni. Asubuhi nyingine tulikuta nyayo za kiboko kati ya mistari ya matofali na mengine yamepondwa, tukaanza upya. Tulikuwa watu wa pande zote mbili za vita, wa makabila yote mawili, na hilo hakuna aliyelitaja. Tulifanya kazi masikio yakiwa juu milimani. Risasi zikisikika mbali, tuliendelea. Zikisogea, mtu mmoja aliacha koleo, halafu mwingine, na tukabaki tumesimama bila kutazamana, kila mmoja akihesabu moyoni nani kati yetu angekimbilia wapi.

Nilihamia nyumba ya tano kabla haijapigwa plasta. Usiku wa kwanza wanangu walilala kama mawe. Mimi nilikaa nikiugusa ukuta, ulikuwa bado na unyevu.

Mtu mmoja alikuja mara ya kwanza kabla hatujamaliza kuezeka. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi lililopigwa pasi vizuri, na aliwasalimu watu kwa upole mwingi. Hakusema anatoka ofisi gani. Alitembea kutoka kona moja hadi nyingine akihesabu hatua, akatazama ziwa, akasema mahali ni pazuri, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Siku zile mtu mwenye upole wa namna ile hukumuuliza.

Mara ya pili alipita nyumba kwa nyumba akitaka kununua. Aliingia, akakubali kiti, akasifu watoto. Kisha akaanza kwa sauti ya chini kueleza kwamba pale si mahali salama kwa watu "kama nyinyi". Alisema hivyo katika kila nyumba, na kila nyumba ilijua amemaanisha nini, ingawa katika nyumba mbili zinazofuatana maana haikuwa moja.

Jirani yangu wa nyumba ya saba, fundi magari, alikubali. Alikuja kwa mkunga mchana huohuo, mikono ina mafuta bado, akaomba karatasi ya nyumba yake.

"Karatasi ni moja, ya sisi wote," mkunga alimwambia. "Ukitaka kwenda, tutakurudishia mabati na kazi yako. Ila yule bwana hawezi kupata udongo kutoka kwako. We hauna cha kumuuzia."

"Mama, nimemwambia ndiyo. Atanifanya nini nikimwambia apana?"

"Mwambie ni mimi niliyekataa."

Yule fundi alijifunika uso kwa mikono ileile ya mafuta na akalia mbele ya watoto. Nilimwelewa sana. Kama kiwanja kingekuwa changu peke yangu, ningekuwa nimeshauza kabla yake.

Mara ya tatu hakuja Kibenga. Alikuja Rohero, ofisini kwangu, mchana kweupe, patron wangu akiwa mahakamani. Alisimama pembeni ya mashine yangu karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni aliyoogea.

"We ndiye daktilo wa wale watu, unayewapigia mashine," alisema. "Nipigie listi. Jina la kila mwenye nyumba, jina la baba yake, na mlima alikotoka."

Nilijua listi ya namna hiyo ni ya nini. Kila mtu Bujumbura alijua. Jina la baba na mlima wa asili, ambao kwetu ndio kijiji, vinatosha kuonyesha kabila. Anayetaka kujua wewe ni nani hahitaji swali jingine. Na listi ilikuwepo. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe tulipoanza, ili ushirika ujue warithi wa kila nyumba. Ilikuwa kwenye droo, kwenye bahasha ya kaki, hatua moja kutoka gotini kwake.

Nikasema, "Shefu, hiyo listi mi sina. Inakaa kwa mama mkunga."

Maneno yalitoka yenyewe. Alinishukuru, akasukuma kiti cha wageni mahali pake, akatoka. Ilinichukua muda kuelewa nimefanya nini. Nilichukua ile bahasha, nikaificha ndani ya nguo, nikakimbia hadi kwenye gari za abiria za kusini. Nilipofika Kibenga wanawake walikuwa wamesimama nje, kila mmoja mlangoni kwake. Mkunga alikuwa amechukuliwa kwa pikapu. Alikuwa akimenya mihogo. Kisu bado kilikuwa ndani ya beseni.

Listi niliichoma kwenye imbabura, jiko letu la makaa, jina baada ya jina, nikikoroga majivu kwa mwiko. Kwa siku tisa sikumwambia mtu kwamba ni mimi niliyemtaja. Nilizunguka na wengine kwenye milango ya ofisi na kambi, nikabeba chakula ambacho askari walipokea na hatukujua nani alikila. Watu walinipa pole kwa sababu nilikuwa karibu naye. Nilizipokea.

Siku ya kumi alishuka kwenye teksi mbele ya nyumba yake, amevaa kitenge kilekile. Mkono mmoja ulikuwa hauinuki. Hakuwahi kueleza, wala sisi hatukuuliza. Alitaka maji ya kuoga, akala uji, halafu akaniita ndani na kufunga mlango.

"Wameniachia ili niwapelekee listi," alisema. "Wamenipa mpaka Ijumaa."

"Mama, ni mimi niliyewaambia iko kwako."

"Najua. Yule bwana aliniambia mwenyewe, akidhani nitakuchukia." Aliusugua ule mkono. "Nilikuchukia kidogo. Siku ya pili na ya tatu. Listi iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Vizuri. Sasa tuandike ingine."

Tuliwakusanya watu wote mchana ule. Mkunga aliwaeleza kila kitu, isipokuwa jina langu. Alisema listi itapelekwa kwa sababu isipopelekwa watakuja wenyewe, ila kila mmoja aamue mwenyewe nini kiandikwe. Mjane wa nyumba ya kumi na mbili, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akiongea mkutanoni, alisema, "Mi baba yangu ni marehemu. Andika marehemu. Na kwetu ni hapa, kule kwingine hakuna kitu tena."

Fundi wa nyumba ya saba akasema, "Na mi hivyohivyo."

Nilipiga ile karatasi kesho yake ofisini. Kwenye safu ya jina la baba niliandika marehemu mara kumi na nne. Kwenye safu ya mlima wa asili niliandika Kibenga mara kumi na nne. Mashine ilikuwa na herufi moja inayokwama, na nilitoka jasho nikiogopa kukosea, kana kwamba kosa la chapa ndilo lingetuua.

Niliomba niipeleke mimi. Mkunga alinitazama sana, akakubali na kunielekeza alikoambiwa aipeleke.

Yule mtu aliisoma amesimama, kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho, halafu akarudi juu.

"Unaona huu ni mchezo?"

"Apana, shefu. Ni ukweli. Baba yangu alikufa. Na ninakaa Kibenga."

"Wote kumi na nne?"

"Wote."

Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. "Sawa," alisema kwa upole wake uleule. "Nitakuja mwenyewe kuangalia hao watu wa Kibenga."

Hakuja. Hilo ndilo lililobaki nasi kwa miaka. Hatukujua kama alihamishwa, aliuawa, aliona eneo jingine la kumfaa, au alikuwa anangoja tu. Gari likipunguza mwendo barabarani, mikono ilisimama kwenye mabeseni. Siku habari zilipokuja za watu kuuawa upande wa Gatumba, tulilala tumevaa viatu, na watoto wetu hawakuuliza kwa nini. Fundi hakuweza kuvumilia kungoja. Alirudisha nyumba ya saba kwa ushirika, akalipwa mabati na kazi yake, akavuka na familia yake kwenda Kongo. Akaingia mama mwenye watoto watano kwa kiasi kilekile, bila kuongezwa hata faranga moja.

Vita vilipokwisha, ukuta wa kwanza mrefu ulijengwa upande wetu wa kushoto, na nyuma yake nyumba ya ghorofa. Kisha wa kulia. Wanunuzi walianza kuja tena, safari hii na makaratasi na tabasamu. Tuliwaonyesha statuti, ile karatasi yenye sahihi ya mzee. Wengine walicheka. Mmoja alisema, "Mtachoka."

Mkunga alifariki nyumbani kwake, kwa sukari, baada ya kuugua muda mrefu. Nyumba yake ilirudi kwa ushirika kama alivyotaka, kwa kuwa watoto wake walikuwa mbali na walikuwa na kwao. Nilikuwa bado katibu wa ushirika, kazi niliyoifanya tangu mwanzo, kwa hiyo ni mimi niliyempokea aliyeingia baada yake, dada kijana aliyekuwa akiuza samaki, na mtoto mgongoni. Nilimfungulia madirisha. Alipita kila chumba, akashika kuta, akarudi mlangoni na kusimama hapo bila kuweka mzigo wake chini.

"Aliyekuwa anakaa hapa alikuwa nani?"

"Mkunga," nilimwambia.

"Alikufa aje?"

"Kwa ugonjwa. Kwenye kitanda chake."

Alinitazama usoni kuona kama nadanganya. Halafu akashusha pumzi, akafungua kitenge mgongoni na kumweka mtoto sakafuni.