Shali Iliyotoka Kwenye Mkoba Uliofungwa

Jumamosi, tarehe kumi na moja, saa saba na dakika chache za usiku. Nilimkuta mke wangu amejifunika shali yake.

Utasema, kuna ajabu gani hapo? Mwanamke kasikia baridi, kajifunika.

Ajabu ni kwamba shali hiyo ilikuwa ndani ya mkoba. Mkoba ulikuwa ndani ya ofisi. Ofisi ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo, kwa walivyoniambia, alikuwa hajarudi.

Na mke wangu alikuwa amebakiza saa tatu za kuishi.

Jambo hili nimekaa nalo mwaka wa pili sasa. Wanaonijua husema nimekuwa mzee mchungu, kila kiongozi nikimwona kwenye runinga nasonya. Ni kweli. Naandika kwa kidole kimoja, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe. Yako makosa mengine hayana msamaha, na moja ni langu. Nitalifikia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma.

Mke wangu alikuwa mpishi wa shule. Miaka ishirini na miwili anakoroga sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Alipostaafu, binti yetu, ambaye ni muuguzi ng'ambo, akatuuliza tunataka zawadi gani.

Mimi nikataka mashine mpya ya kuchomelea. Mama yake akasema, "Nataka kula chakula ambacho sikukipika. Siku nne tu. Halafu vyombo aoshe mtu mwingine."

Binti akacheka mpaka akalia. Akatulipia meli.

Zile meli kubwa za matembezi. Unalala humo, unakula humo, wanakuzungusha baharini, wanakurudisha pale pale ulipopandia. Nikamwambia mke wangu, hiyo si safari, huko ni kuzungushwa, na kuzungushwa tumeshazoea maofisini. Akanipiga kofi la bega.

Kasoro ilikuwa moja. Ndege ya kwanza ilitushusha saa mbili kasorobo usiku kwenye uwanja wa katikati ya safari. Ya pili, ya kutufikisha bandarini, ilikuwa saa moja asubuhi. Katikati hapo ni usiku mzima, na kutoka nje ya uwanja hatukuruhusiwa. Hatukuwa na viza ya pale. Tulikuwa abiria wa kupita tu.

Binti alishalipanga hilo. Kuna kaunta, alisema, mkionyesha tiketi mtapewa chumba humo humo ndani.

"Mama asikeshe," aliniambia kwenye simu. "Moyo wake hautaki kukesha. Baba, nakukabidhi."

Nakukabidhi. Hilo neno ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Tulipotoka kwenye ndege alimeza kidonge chake cha jioni. Dawa nilizirudisha mkobani mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Chini kulikuwa na shali yake ya kijivu, ameifuma mwenyewe, pembe moja ameishonea kwa uzi mwekundu kwa sababu wa kijivu ulimwishia. Juu ya shali nikaziweka dawa. Zile za jioni, na zile ndogo nyeupe za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana.

Dawa juu, shali chini. Shika hapo.

Kaunta tuliikuta imefungwa. Nikaambiwa itafunguliwa saa nne, vyumba ni vichache, anayetangulia ndiye anayelala. Mbele yetu walikuwa watu wanane, wote wamesimama kama nguzo.

Sasa sisi ni watu wa foleni. Tumezeeka kwenye foleni. Kliniki, maji, vitambulisho, kila kitu. Na foleni zetu zina utaratibu: huwezi kusimama saa tano, kwa hiyo unaweka kitu chako kwenye mstari, ndoo, jiwe, ndala, kisha unakwenda kukaa. Kitu kinakushikia nafasi. Wa nyuma wakisogea, wanakisogeza na chenyewe.

Siku moja mke wangu aliacha ndala yake kwenye foleni ya kliniki saa kumi alfajiri, akaenda kuwasha moto jikoni kwake shuleni, akarudi saa tatu. Ndala ilikuwa imefika mlangoni kwa daktari. Aliisimulia hiyo mwaka mzima. "Ndala yangu ina heshima kuliko mume wangu," alikuwa akisema.

Basi usiku ule akaniambia, "Fundi, weka kitu tukakae. Miguu imejaa."

Kikawekwa kitu. Ukawekwa mkoba wake.

Tukaenda kukaa nyuma ya nguzo, hatua kama thelathini. Viti vya pale vilikuwa na chuma katikati ya kila kiti. Mimi ni fundi, chuma nakijua. Kile hakikuwekwa kwa ajili ya kuegemeza mkono. Kiliwekwa ili mtu asijinyooshe. Kuna bwana mkubwa mahali fulani, analala kitandani kwake, aliyeagiza kwamba mchovu asilale.

Nikaenda kumtafutia maji. Niliporudi nikapita kwenye foleni kuangalia.

Mkoba haupo.

Jamaa mmoja mwenye mto shingoni akaniambia walinzi wameuchukua. Spika ilitangaza mara tatu, mwenye mkoba ajitokeze. Spika ile mimi niliisikia. Nilidhani inatangaza ndege.

Nikamfuata mlinzi mlangoni. Nikamweleza pole pole, kwa adabu, kama unavyomweleza mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe wako.

"Mzee, mzigo usio na mwenyewe ni hatari," alisema.

"Mwenyewe ni mimi."

"Sasa hivi ndiyo. Dakika ishirini zilizopita haukuwa na mwenyewe."

Nikamwambia una dawa za moyo. Akasema umeshafungwa kifungo chenye namba, umewekwa ofisi ya mizigo, na wa kuutoa ni mkubwa wa zamu peke yake.

Yuko wapi? Kikaoni.

Saa nne usiku, kikaoni.

Nikarudi kaunta. Imefunguliwa, vyumba vimekwisha. Nafasi yetu, ile iliyoshikwa na mkoba, ilikuwa ya mwisho kupata chumba. Akaipata jamaa wa mto shingoni. Simlaumu. Alisimama.

Kuanzia hapo nilichezewa danadana. Ofisi ya mizigo ikanituma kwa walinzi, walinzi kwa kaunta, kaunta ikanipa fomu ya Kiingereza. Fomu nikaijaza kwa kumwomba abiria mwingine aniandikie. Nikaambiwa haina sahihi ya mkubwa wa zamu.

Binti simu yake haikupokewa. Alikuwa kazini, anauguza wagonjwa wa watu.

Kila nikirudi nilimkuta mke wangu amejikunja zaidi. Kiyoyozi cha mle ndani kinapuliza kama friji la bucha. Nikamvika koti langu. Likamfika kiunoni tu.

"Kifua?" nikamuuliza.

"Kinanong'ona," alisema. "Hakijapiga kelele. Nenda, fundi. Shali wakikupa, na yenyewe ulete."

Nikaenda tena. Mlango wa ofisi ya mizigo ulikuwa wa chuma, umefungwa kitasa mara mbili, taa imezimwa. Nikagonga mpaka vidole vikauma.

Ndipo niliporudi, saa saba na dakika chache, nikamkuta na shali.

Ile ile. Nikaigeuza pembe. Uzi mwekundu huu hapa.

Nikamuuliza mkoba uko wapi, dawa umeshameza?

"Mkoba sijauona," alisema. "Kanipa shali tu. Mama mmoja wa usafi, mtu mzima kama mimi. Kanifunika, kanisukumia na miguu kama mtoto. Kasema, wewe umekaa foleni sana, pumzika."

"Kaenda wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu upande ambao nilikuwa nimetokea. Ukumbi mrefu, mweupe, taa zote zinawaka. Kule sikupishana na mtu.

Nikakimbia. Nikafungua vyoo, nikachungulia nyuma ya maduka yaliyofungwa. Hakuna mama, hakuna ndoo, hakuna hata sakafu iliyolowa.

Nikarudi kwa mlinzi yule yule. Nikamwambia mmeshaufungua mkoba, basi nipeni na dawa. Akaniangalia kama mlevi. Akapiga simu, akasikiliza, akaweka chini. "Haujafunguliwa, mzee. Mkubwa wa zamu hajarudi."

Saa tisa kifua kikaacha kunong'ona.

Akaja muuguzi wa uwanja, binti mdogo. Akauliza anatumia dawa gani. Nikasema nyeupe, ndogo, za chini ya ulimi. Akauliza jina lake. Jina liko kwenye boksi. Boksi liko kwenye mkoba. Akasema bila jina haruhusiwi kumpa kitu. Gari la wagonjwa lipo, lakini abiria wa kupita hatoki nje ya uwanja bila sahihi.

Sahihi ya nani? Mnajua.

Yule binti alilia. Namkumbuka kwa hilo. Alikuwa mtu pekee pale ndani aliyelia kabla yangu.

Mke wangu alinishika kidole kimoja, hiki hiki ninachoandikia. Akasema, "Meli watatupikia nini, fundi?"

Nikaanza kumtajia. Nikabuni tu, vyakula hata sivijui. Nilipofika cha nne au cha tano alikuwa hanisikilizi tena.

Saa kumi na dakika kumi.

Mkubwa wa zamu alipatikana saa kumi na mbili na nusu. Kijana, amenyolewa vizuri, ananukia sabuni, shavuni ana alama ya mto. Akanipa pole. Akanipa mkoba. Akanipa na karatasi nitie sahihi.

Kifungo cha plastiki nilikikata mwenyewe kwa kisu cha mlinzi.

Dawa zilikuwa juu, kama nilivyoziweka. Chini yake, palipokuwa na shali, palikuwa wazi.

Meli iliondoka saa nane mchana. Simu yangu ilipopata mtandao, ujumbe wao ukaingia: wanatukaribisha, meza yetu ni ya watu wawili, karibu na dirisha.

Tulipokwisha kumzika, binti alinisomea ile karatasi niliyotia sahihi. Alisoma mstari wa kwanza, akaanza upya. Waliupekua mkoba saa tatu na nusu usiku, wakaandika kila kitu. Miwani moja. Daftari moja. Dawa za moyo, maboksi mawili. Shali moja ya kijivu.

Waliandika wenyewe. Dawa za moyo. Walijua.

Chini kuna namba ya kifungo waliyofunga saa tatu na nusu. Mabaki ya kifungo nilichokata asubuhi ninayo mpaka leo kwenye kopo la misumari. Namba ni ile ile. Hakikufunguliwa katikati.

Binti aliwaandikia mara nne. Walijibu mara moja. Walisema zamu ile ya usafi ilikuwa na wanaume watatu, mwanamke hakuwepo. Kamera za upande ule zilikuwa kwenye matengenezo. Na pole tena.

Jirani yangu, mtu wa ibada, ananiambia yule alikuwa malaika. Nikamuuliza, malaika gani anabeba shali anaacha dawa? Siku hizi akinikuta anazungumzia mvua.

Wengine wanasema ni mzimu. Mimi nasema orodha za zamu zinaandikwa na watu wale wale wanaolala kikaoni. Lakini kile kifungo siwezi kukieleza. Mimi ni fundi, najua kitu kilichofungwa na kitu kilichofunguliwa kikafungwa tena. Kile hakikuguswa.

Sasa lile kosa langu. Hata binti hajui, atalisomea hapa.

Mke wangu hakusema niweke mkoba. Alisema, "Fundi, weka kitu tukakae," halafu akaongeza, "Weka kiatu chako."

Sikutaka. Soksi yangu ilikuwa na tundu, kidole gumba kizima kiko nje, na watu wanane wale walikuwa wamevaa vizuri. Nikaona aibu. Nikautoa mkoba begani kwake nikauweka chini. Alinitazama, akaguna, akaniachia. Miaka thelathini na nane alikuwa akiniachia mambo madogo.

Kiatu wangekitupa pembeni. Kiatu hakiitiwi spika.

Kwa hiyo ukisafiri, ukilazimika kukesha uwanja wa ndege, dawa weka mfukoni mwako, si mkobani. Jina lake lijue kwa kichwa, hata kama hujui kusoma. Na aibu iache nyumbani. Wakubwa hawana aibu, na wanalala.

Shali ninayo. Huwa naikunja, nikiamka usiku naikuta imekunjuliwa miguuni pangu. Labda ni mimi mwenyewe usingizini. Sijui.

Ninachojua ni hiki. Dawa zilikuwa juu, shali chini. Huwezi kuitoa shali bila kuziinua dawa kwanza. Kwa hiyo uko mkono, wa mtu au wa kitu kisicho mtu, ulioingia kwenye mkoba uliofungwa, ukaziinua dawa za mke wangu, ukatoa shali, kisha ukazirudisha dawa mahali pake, taratibu, zikiwa zimepangwa kama nilivyozipanga.

Mkono uliojua kwamba anasikia baridi, ulishindwaje kujua kwamba anakufa?