Kalala wawili, anwani moja: mbio za Evodie kuwahi boti la Moba

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, Evodie Kahozi, fundi wa kompyuta, ameshavua viatu. Wenzake wanasema hiyo ni dalili kwamba mambo yamekuwa mazito.

Ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta, simu kaibana kati ya bega na sikio. Nyuma yake, katika chumba kilichokuwa stoo ya nyavu, inanguruma seva ya barua pepe ya Afya Mwambao, shirika la hapa Kalemie linalopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya kando ya ziwa. Boti la Moba linaondoka saa nne. Jingine ni wiki ijayo.

"Mama Evodie, tumeandika mara tatu!" Sauti ya Immaculée, mkunga wa kituo kimoja cha Moba, inasikika hadi mlangoni. "Ile sindano ya kuzuia damu kwa wamama wenye wamezaa, imebaki tatu tu. Na wenye kukaribia kuzaa ni saba. Nifanye namna gani?"

Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Stoo ya dawa haifunguliwi bila karatasi yenye saini ya daktari. Immaculée aliipiga picha karatasi hiyo na kuituma Jumanne. Jumatano intaneti ya Moba ikakatika, ikabaki simu ya kuongea tu, na daktari akaingia vijijini pamoja na karatasi zake. Maana yake, nakala pekee ya saini ile inayofikika leo imo humu ndani ya seva, mahali fulani, na Evodie haioni.

"Watu wanazani mimi kazi yangu njo kupanguza mavumbi kwa mashini," anasema bila kugeuka. "Waje leo waone!"

Ana miaka 36 na watoto wawili. Alianza kwa kuuza vocha na kuchapa barua za watu karibu na bandari, na ufundi aliuanza kwa kusoma maelekezo ya Kifaransa yaliyosahaulika kwenye katoni ya printa. Leo analipwa dola 260 kwa mwezi, na zaidi ya nusu inamezwa na kodi ya nyumba na minerval, yaani karo ya watoto. Umeme wa bwawa la Bendera nao una tabia zake: ukija unakuja, ukiondoka hauagi. Ndiyo maana chumba chake kina betri nyingi kuliko viti.

Kisa chenyewe kilianza Jumatatu. Shirika lilimwajiri mfamasia kijana, Wilfried Kalala. Kwa kanuni ya ofisi, anwani ya kila mfanyakazi ni jina lake kamili. Evodie akaliandika, seva ikagoma: anwani hii tayari inatumika. Inatumiwa na nani? Katika orodha nzima ya wafanyakazi hakukuwa na Wilfried Kalala mwingine.

Kwa haraka akaongeza namba mbili mwishoni mwa jina, mashine ikakubali, kazi ikaisha. Kijana hakufurahi. "Mama, mimi ni wa pili kwa nani?" aliuliza.

"Njo swali nilipashwa kujiuliza mimi," Evodie anakiri. "Nilikimbilia njia ya mukato." Na njia ya mkato, kama tujuavyo, haikosi miiba. Watu wa Moba walikwisha kuambiwa jina la mfamasia mpya, na kwa kuwa kanuni wanaijua, waliandika kwenye anwani isiyo na namba. Seva ikazipokea barua zao bila kinyongo, kwa sababu anwani ile ilikuwa na mwenyewe.

Sasa anaacha kutafuta majina ya watu. Anaitafuta anwani yenyewe, sanduku moja la barua baada ya jingine, hata yale yasiyoonekana kwenye orodha.

Saa tatu kasoro dakika nane anapiga kelele. "Nimemushika!"

Mwenye anwani ni Papa Wilfried Kalala, mfamasia aliyestaafu miaka miwili iliyopita. Siku ya kumuaga, mkurugenzi alikataza jina lake lisifutwe. Kulifuta jina la mzee angali hai, ofisi nzima iliona, ni kama kumzika. Fundi wa wakati huo, kabla ya Evodie, akaificha anwani isionekane, na sanduku likaendelea kupokea barua pasipo msomaji. Na yule kijana? Alizaliwa nyumba ya jirani, akapewa jina zima la mzee, kama inavyofanyika huku. Alipokua akamfuata wajina wake hadi kwenye ufamasia, asijue kwamba anwani ya mzee ingali hai.

Evodie angeweza kulifungua sanduku kwa kubonyeza mara moja. Hafungui. "Barua za muzee, bila yeye kujua? Hapana!" Anampigia, simu imezimwa. Anavaa viatu, anadaka pikipiki hadi mtaa wa Kataki, anakoishi mzee. Mwandishi wa simulizi hii, aliyekuja kuuliza habari za maji ya ziwa, anamfuata kwa pikipiki ya pili, daftari mdomoni.

Papa Wilfried anachambua maharage uani. Anasikiliza hadi mwisho, kisha anaangua kicheko.

"Huyu mutoto nilimupa jina yangu yote siku alizaliwa. Sasa anwani njo nitamunyima?"

Anapanda pikipiki na kandambili zake. Ofisini anavuta kiti, anasema neno moja tu: "Fungua."

Barua 214. Tatu za Moba. Saa nne kasoro dakika kumi na tisa printa inatema saini ya daktari, na Wilfried kijana anatoka mbio na sanduku la baridi kuelekea bandarini. Boti linapopiga honi, sindano zimo ndani. Ofisi nzima inapiga makofi, na mwandishi naye, bila aibu.

Mchana ule namba mbili ilifutwa, kijana akapewa anwani kamili, na mzee akajichagulia mpya. Evodie amegundua anwani nyingine kumi na moja za wastaafu zilizofichwa. Jumatatu anaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Sitafuta muntu bila kumusalimia," anasema.

Jumamosi intaneti ya Moba ilirudi. Barua ya kwanza kwenye anwani ya Wilfried ilikuwa ya Immaculée, na kijana akaikimbiza kwa Evodie. Boti lilifika salama. Mama mmoja alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, akachomwa sindano, akapona. Mtoto ni msichana. Wamempa jina Evodie Kahozi, zima.

Evodie aliisoma mara mbili, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akacheka.

"Basi siku huyu mutoto atakuja kuomba kazi hapa," alisema, "anikute nimekwisha kumuachia anwani."